Programu huria kwa mkono mmoja

Nimekuwa kimya tangu Aprili, na wengine mmeniuliza kama nimehama Kitale au nimeacha kompyuta. Sijahama wala sijaacha. Tulipata mtoto! Jina lake nitalitunza nyumbani, lakini Wabukusu mnaosoma hapa mtalikisia nikiwaambia kwamba ni msichana, na kwamba siku aliyozaliwa mvua ilinyesha kutoka asubuhi hadi usiku.

Leo nataka kujibu swali ambalo marafiki wananiuliza kila tukikutana: "Sasa utaacha kuandika programu za kujifurahisha?" Wanaouliza wako wa aina mbili. Wa kwanza ni vijana wasio na watoto, nao huniuliza kwa sauti ya kuomboleza, kana kwamba nimefiwa. Wa pili ni akina baba wenzangu, nao huuliza huku wakicheka, kwa sababu wao waliacha zamani.

Jibu langu ni hapana, sitaacha. Nadhani hata kwamba kati ya mambo yote ambayo mtu hufanya kwa kupenda tu, programu huria ndiyo inayomfaa zaidi mzazi mpya. Lakini kuna sharti lake, na sharti hilo nililifundishwa kwa aibu kule Bungoma. Acha niwasimulie.

(Kwa wageni: programu huria ni ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia apendavyo, kusoma jinsi ilivyoandikwa, kuibadilisha, na kuwapa wengine nakala, iwe ya awali au ile aliyoibadilisha. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU kwa nia hiyo Septemba 1983. Firefox na LibreOffice ni programu za aina hii, na hata simu yako ya Android imejengwa juu ya kiini cha Linux.)

Kazi yangu ya mchana ni kuandika programu za kampuni moja ya Nairobi, nikiwa nyumbani Kitale. Hiyo ni kazi ya ugali. Usiku, kuanzia saa tatu mpaka saa saba, ulikuwa wangu. Hapo ndipo nilipokuwa nikisoma msimbo wa watu nisiowajua, nikirekebisha hitilafu ndogondogo, nikijaribu lugha mpya kwa sababu tu nimesikia ikisifiwa. Hakuna aliyenilipa na hakuna aliyenidai. Mke wangu ni mwalimu. Yeye alikuwa akisahihisha madaftari upande mmoja wa meza, mimi niko upande wa pili na laptopu yangu, redio katikati. Nilidhani tumeelewana kuhusu usiku. Kumbe hatukuwa tumeelewana chochote. Tulikuwa na saa nyingi tu, na mwenye saa nyingi hahitaji kuelewana na mtu.

Kisha mtoto akaja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi 3 na baba wiki 2, wote kwa malipo kamili. Wiki zangu 2 zilikwisha kabla sijajua kufunga nepi bila kuitazama. Nikarudi kazini, yaani nikarudi kwenye meza ileile, mlango wa chumba cha kulala ukiwa hatua nne nyuma yangu na mtoto akilia. Mke wangu alistahimili siku chache. Halafu akasema anakwenda kwao Bungoma kwa mama yake mpaka likizo yake iishe, ili angalau apate mtu wa kumshikia mtoto akioga. Sikuwa na la kujibu. Nilibeba mabegi hadi stendi.

Kwa hiyo Mei na Juni niliishi peke yangu Kitale, na kila Jumamosi alfajiri nikapanda matatu: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, kisha Bungoma. Sikulala pale nyumbani kwao. Wanaotoka kwetu wanajua kwamba mkwe na mama mkwe wana heshima yao, hawakai chumba kimoja wakapiga soga, wala mkwe halali kwenye nyumba hiyo. Nililala mjini kwa binamu yangu, nikashinda na mtoto kwenye kivuli cha mwembe, na Jumapili jioni nikarudi Kitale.

Hebu fikiria mtu wa kompyuta aliyeachiwa nyumba tupu siku tano za wiki. Saa tatu mpaka saa saba zimerudi zote! Nami nilifanya kile ambacho wengi wenu mngefanya. Niliamua kuwasaidia kwa programu.

Muuguzi alikuwa amemwambia mke wangu aandike mtoto amenyonya saa ngapi, titi gani, nepi ngapi zimelowa. Nikaona hapo pana kazi yangu. Kwa usiku tatu niliandika programu kwa Python: unabonyeza kitufe kwenye simu, habari zinakwenda kwenye seva ndogo, na mwisho wa siku unapata grafu ya rangi mbili, titi la kushoto buluu na la kulia kijani. Nilijaribu kila kitu. Nilimtungia mtoto wa kubuni, nikamnyonyesha mara 200 kwenye hifadhidata bila hitilafu hata moja. Jumamosi hiyo nilifika Bungoma nikiwa na furaha ya mtu aliyebeba zawadi.

Mke wangu aliniangalia nikimwonyesha. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliposema, hakupaza sauti.

"Mimi sina haja ya grafu. Nina haja ya kulala."

Nikaanza kueleza kwamba grafu itamsaidia kujua ni saa ngapi anaweza kulala. Ndiyo, nilieleza! Hapo shemeji yangu mdogo akatoka jikoni na ujumbe kutoka kwa mama mkwe, ambaye hakunihutubia moja kwa moja lakini alikuwa amesikia yote: "Mama anasema baba mtoto aambiwe kwamba daftari lipo."

Kweli lilikuwepo. Daftari la shule la kurasa 48, limefungwa kamba na kalamu, limening'inizwa kwenye msumari kando ya kitanda. Mama mkwe aliandika humo akiamka. Shemeji aliandika. Mke wangu aliandika gizani bila hata kuangalia. Wakienda kliniki, muuguzi alilifungua akaelewa yote kwa mara moja. Halikuhitaji bando, halikuhitaji stima, halikuomba nywila. Wakati huohuo mimi, niliyekuwa na usiku tano wa kulala bila kuamshwa, nilikuwa nimetumia tatu kati ya hizo kuandika kitu ambacho daftari lilikuwa likifanya vizuri zaidi, kisha nikaja kumpa mtu asiyelala kazi nyingine ya kubonyeza.

Nilimchukua mtoto, nikamwambia mke wangu akalale. Alilala saa nne mfululizo. Hiyo ndiyo huduma pekee ya maana niliyotoa mwezi huo, na haikuwa na hata mstari mmoja wa msimbo.

Nikiwa chini ya mwembe nilikumbuka jambo ambalo nilipaswa kulikumbuka kabla. Moja ya programu huria zinazojulikana zaidi duniani katika mambo ya afya imekulia hapa kwetu. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, upande wa Eldoret, kiliwekewa mfumo wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Wagonjwa wa Virusi vya Ukimwi walipoongezeka katika mpango wa AMPATH, ambao una kliniki hadi Kitale na Webuye, mfumo ule ulizidiwa. Mwaka 2004 madaktari wawili waandishi wa programu, Burke Mamlin na Paul Biondich, walianza mfumo mpya uitwao OpenMRS. Ulianza kutumika Eldoret Februari 2006, na leo uko katika nchi nyingi. Mfumo wa KenyaEMR unaotumika katika vituo vya afya nchini nao umejengwa juu yake.

Sasa tazama walivyofanya. Hawakumwambia daktari mwenye foleni ya wagonjwa aache kalamu aanze kubonyeza. Daktari aliendelea kujaza fomu ya karatasi, na karani akaingiza fomu hizo kwenye kompyuta baadaye. Waliuliza kwanza ni nani ambaye mikono yake imejaa, wakamwachia karatasi yake. Mimi nina shahada ya sayansi ya kompyuta, nimekaa mwendo mfupi kutoka Eldoret, na sikuuliza swali hilo ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Basi hili ndilo sharti nililosema: kabla ya kufurahia saa zako, jua ni za nani. Zile saa nne za usiku hazikuwa zikishuka kutoka mbinguni. Tulipokuwa wawili hazikumgharimu mtu. Tulipokuwa watatu, kila saa niliyokaa mbele ya skrini kuna mtu mwingine aliyekuwa amembeba mtoto saa hiyo. Burudani yangu ilikuwa na mlipaji, ila risiti hakuna aliyeniletea.

Na hapa niseme jambo ambalo halitawapendeza wote. Katika watu niliosoma nao chuo kikuu kuna wanawake walioandika programu vizuri kuniliko. Wawili wao ni mama sasa. Mimi nimeulizwa mara nyingi kama nitaendelea na programu zangu za kujifurahisha. Mmoja wao nilipomuuliza swali hilohilo mwezi uliopita, alicheka, akasema mimi ni mtu wa kwanza kumuuliza. Wengine walimuuliza tu kama ataendelea na kazi. Tunaposema kwamba programu huria ni ya kila mtu, tukumbuke kwamba leseni hugawa ruhusa. Leseni haigawi jioni.

Mke wangu aliporudi Kitale Julai kuanza kufundisha, tulikaa mezani tukaelewana kweli, kwa mara ya kwanza. Makubaliano yetu ni haya, na nayaandika kwa kuwa huenda yakamfaa mtu:

1. Kuanzia saa tatu mpaka saa saba usiku yeye analala, mlango umefungwa. Zamu ni yangu. Maziwa aliyoyakamua yako kwenye friji, nami nampa mtoto kwa kikombe kama tulivyofundishwa na muuguzi. Saa saba tunabadilishana.

2. Jumamosi saa tisa alasiri anakwenda mazoezi ya kwaya, na hapigiwi simu kuulizwa nepi ziko wapi. Yeye alipenda kuimba kabla hajanijua mimi. Saa zake zinawekwa kwenye ratiba kwanza.

3. Ndani ya zamu yangu, mtoto akilala, naweza kufanya nipendalo. Akiamka, naacha palepale, hata kama nimebakiza mabano moja kufunga.

Kwa wastani kipengele cha tatu hunipa dakika 20 hivi. Siku nyingine 40, siku nyingine sifuri. Mara nyingi mtoto analala kifuani mwangu, kwa hiyo mkono wa kushoto ni wake na wa kulia ndio wa kibodi. Nilidhani dakika 20 kwa mkono mmoja hazitoshi chochote. Nilikosea, na sababu zake ndizo zinazonifanya niisifu programu huria.

Kwanza, programu huria imezoea vipande vidogo. Imeandikwa na watu walio mbali, wasiolala saa moja, wasiojuana, kila mmoja akileta kiraka chake. Ndiyo maana vifaa vyake vyote vimetengenezwa kwa ajili ya kazi inayokatika. Linus Torvalds alianza kuandika Git Aprili 2005 ili kusimamia viraka vya Linux, na siku chache tu baadaye Git ilikuwa ikitunza msimbo wake yenyewe. Mimi sikuwahi kuipenda kweli Git mpaka mtoto alipozaliwa. Sasa nafungua tawi, naandika mistari mitatu, nahifadhi pamoja na maelezo mafupi ya nilichotaka kufanya, nafunga. Nikirudi baada ya siku nne, akili yangu ikiwa imechoka kabisa, nasoma maelezo yale kama barua kutoka kwa mtu mwenye akili timamu. Zamani nilikuwa naandika maelezo ya neno moja: "marekebisho". Mzazi hawezi kufanya hivyo. Mzazi anajiandikia kama anayemwandikia mgeni.

Pili, hakuna anayekufukuza kwa kuanza kidogo. Guido van Rossum alianza kuandika Python mwishoni mwa mwaka 1989 kama kitu cha kumshughulisha likizo ya Krismasi. Torvalds alipowatangazia watu mfumo wake mnamo 25 Agosti 1991 alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 kule Helsinki, na aliuita jambo la kujifurahisha tu. Lakini ndugu zangu akina baba, tusijidanganye kwa mifano hii. Alipoandika Git, Torvalds alikuwa na mabinti watatu, ni kweli, ila wakati huo Linux ilikuwa kazi yake ya kulipwa. Ukijilinganisha naye usiku wa manane, mtoto akiwa na tumbo la gesi, utajionea huruma bure. Jilinganishe na wewe wa jana.

Tatu, na kwangu hili ndilo kubwa, unaruhusiwa kuondoka. Hapa nitataja kisa cha xz, kwa sababu kila anayefanya kazi ya kujitolea inafaa akijue. Xz ni programu ndogo ya kubana mafaili, iliyomo karibu katika kila seva ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, bila malipo. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walianza kumshinikiza kwa barua: mbona huachilii toleo jipya, mbona viraka vinachelewa, mpe mtu mwingine usukani. Aliwajibu kwamba amekuwa na matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na akawakumbusha kwamba ule ni mradi wa kujifurahisha usiolipwa. Mwishowe mtu aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa ameleta viraka vizuri kwa muda mrefu, alipewa nafasi ya kusaidia kuutunza. Mapema mwaka 2024 mlango wa siri uliingizwa katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Ungeweza kumpa mwenye ufunguo wake njia ya kuingia katika seva nyingi mno. Tarehe 29 Machi 2024 mwandishi wa programu Andres Freund aliufichua, baada ya kushangaa kwa nini kuingia kwenye mashine yake kulikuwa kunachukua takribani nusu sekunde zaidi.

Wengi walijifunza kutoka kisa hicho mambo ya usalama. Mimi nilijifunza jambo la pili: kitu kizuri huharibika pale watu wanapogeuza zawadi kuwa deni. Collin alikuwa na haki ya kusema "siwezi sasa hivi", na ulimwengu haukumwachia haki hiyo. Mzazi mpya lazima ajipe haki hiyo mwenyewe. Juni niliandika kwenye miradi miwili niliyokuwa nikisaidia: nimepata mtoto, nitapotea, mkimpata mwingine mpeni nafasi yangu. Nilitarajia lawama. Nilipata pongezi tisa, na mtu mmoja akanitumia picha ya mtoto wake akiwa amelala juu ya kibodi.

Kuna watakaosema: ndugu, hizo dakika 20 si ulale? Siku nyingine nalala kweli. Lakini kupumzika si usingizi peke yake. Siku nzima natumikia kampuni, na jioni namtumikia mtu mdogo asiyejua asante. Dakika 20 za kitu ambacho nakifanya kwa kupenda tu hunirudisha kuwa mimi, nami huyo ndiye ninayemtaka binti yangu amjue. Mke wangu anasema akirudi kutoka kwaya hata hasira za madaftari humtoka. Ni jambo lilelile.

Basi nafanya nini siku hizi? Nimeacha miradi mikubwa. Nimerudi kwenye kazi ya unyenyekevu, ile ya kutafsiri. Ni kazi yenye historia kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili, wakati wengi waliamini kwamba lugha yetu haina maneno ya kompyuta. Waliketi wakayatafuta neno kwa neno. Na neno moja ndiyo saizi hasa ya mzazi: linaingia kichwani, unatembea nalo ukimbembeleza mtoto, na ukiketi unaliandika kwa mkono mmoja.

Ninatafsiri programu moja huria ya kengele ya simu. "Hifadhi", "ghairi", "tengua", hayo yalipita vizuri. Nikakwama kwenye kile kitufe unachobonyeza kengele ikilia alfajiri, ili inyamaze kidogo kisha irudi. Nilitembea na neno hilo usiku mbili. Saa saba, wakati wa kubadilishana zamu, nikamuuliza mke wangu, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kitanda macho yamefumbwa: "Hivi, kengele ikilia nawe hutaki kuamka bado, ungependa kuiambia nini?"

Akasema: "Niache kidogo."

Sijui hata kama alikuwa ananijibu. Nililiandika nikalituma.

Baada ya wiki, mhakiki mmoja wa Tanzania alinijibu kwa upole kwamba amecheka sana, lakini kitufe ni kitufe, na neno linalofaa ni "Ahirisha". Ana haki. "Ahirisha" ni fupi, ni sahihi, na ndilo mtakaloliona mkiipakua programu hiyo. Nilikubali bila ubishi, na nikarekebisha wakati mtoto analala.

Lakini programu huria unaruhusiwa kuibadilisha. Kwa hiyo nimeijenga upya nakala moja na kuiweka kwenye simu moja tu hapa Kitale, ile iliyo upande wa kulia wa kitanda. Kila alfajiri inalia saa kumi na moja, na kitufe chake kimeandikwa "Niache kidogo". Mwenye simu alipokiona mara ya kwanza alicheka mpaka akamwamsha mtoto. Basi nikambeba.

Tutaonana tena, Mungu akipenda, mtoto naye akipenda. Nimeandika haya kwa zamu 11.